Marehemu Valderoni na Mrithi Wake

Ubishi wa Jumamosi ile aliuanzisha Katiba, kama ilivyo ada ya benchi la nje ya kibanda cha Dobi. Katiba alikuwa karani wa mahakama, na tangu astaafu hajawahi kusoma gazeti kimyakimya. Akakohoa, akawasomea wenzake kwamba maofisa wamekamata lori zima la manukato bandia ya kiume, maboksi kwa maboksi, yote yamepigwa chapa ya Valderoni. Chini kabisa, kwa maandishi madogo ya kuchokoza macho, gazeti likaongeza kwamba Valderoni yenyewe haitengenezwi tena. Kiwanda kimeiacha.

"Hapo ndipo sheria inapopata kizunguzungu," alisema Katiba. "Utaghushije kitu ambacho hakipo? Ni sawa na kughushi saini ya marehemu."

"Marehemu si ana watu wake?" akauliza Nusubei, mchuuzi aliyeuza kila kitu kwa nusu bei, kuanzia soksi hadi miwani ya kusomea. Begi lake lilikuwa katikati ya miguu yake, limefungwa zipu mpaka mwisho. "Akifa mwenye mali, anayebaki haitwi mwizi, Katiba. Anaitwa mrithi."

"Mrithi ana damu ya marehemu. Hiyo ya kwenye lori ina damu ya nani? Spiriti na maji ya bomba."

Dobi alikuwa dirishani anapiga pasi, meza yake ikitazamana na mgongo wa benchi. Wanaume wazima, ndevu zimeota mvi, wanagombania maji ya kujipulizia. Siku nyingine angewacheka tu. Lakini jina la Valderoni lilimfanya asimamishe pasi, kwa sababu alimjua mtu mmoja aliyeyaoga manukato hayo kama maji, na mtu huyo alikuwa njiani kuja.

Mtu mwenyewe ni fundi rangi wa nyumba, benchi zima likimwita Bwana Harusi. Ana miaka kumi na moja ndani ya ndoa na bado anaisimulia harusi yake kana kwamba wageni hawajamaliza kula. Mwaka uliopita mkewe alifungasha akahamia kwa dada yake. Alipoulizwa sababu alisema kichwa kinamuuma. Watu wakacheka, kichwa gani hicho cha kuvunja nyumba? Dobi ndiye aliyebeba ujumbe huku na huku, akabembeleza mpaka ulimi ukaota sugu. Wiki iliyopita mwanamke akapiga simu mwenyewe.

"Shemeji, nimesikia habari njema," alisema. "Mwambie nakuja Jumamosi alasiri. Tuonane hapo kwako kwanza, halafu ndiyo niende nyumbani." Habari gani, hakusema, na Dobi hakuuliza. Aliogopa asije akaitonesha bahati.

Bwana Harusi akatokea kweli, ndani ya suti ile aliyoolea, ambayo Dobi alikuwa ameinyoosha jana yake kwa mikono miwili na dua. Kiatu kinang'aa, nywele zimechongwa. Lakini uso ulikuwa wa mtu aliyefiwa, na mkononi ameshika kichupa kitupu.

"Imeisha," alisema. "Nimezunguka maduka yote. Wananiambia haipo tena duniani."

"Tumesoma tanzia yake sasa hivi," alisema Katiba.

Dobi alimwambia akae atulie, ananukia sabuni na pasi, na mke harudi kwa ajili ya shingo ya mtu. Bwana Harusi akatikisa kichwa. "Sabuni ni ya kila mtu, kaka. Mwanamke yule aliolewa na Valderoni. Leo akija akakuta sinukii kitu, atasema huyu si yule. Ataondoka tena, na safari hii hutakuwa na simu ya kupiga."

Ilisikika zipu. Nusubei alikuwa amefungua begi, akatoa boksi jeusi kwa heshima kama anayetoa mtoto mchanga hospitalini. Katiba akalinyakua, akaligeuza kwenye mwanga. Kwenye Valderoni ya haki kulikuwa na farasi amesimama kwa miguu miwili. Huyu wa kwenye boksi alikuwa na ndevu.

"Huyu ni mbuzi," alisema Katiba.

"Ni farasi aliyechoka safari. Ametoka mbali."

"Ana pembe, Nusubei."

"Wewe unanunua mnyama au unanunua harufu?"

Wakalumbana hapo, Katiba akitaja vifungu vya sheria ambavyo Dobi alishuku havipo, na Nusubei akiapa kwamba wakubwa wa maofisini sasa hivi wanajipulizia mrithi huyuhuyu na hakuna sekretari aliyezimia. Wakati wanabishana, Bwana Harusi alikuwa ameshafungua. Akapuliza kwenye kiganja, akanusa.

"Mbona hainuki?"

Dobi alitamani kulia. Pua ya fundi rangi imekaa na thina ya kuchanganyia rangi miaka nenda rudi. Pale benchini kila mtu alijua kwamba pua ile ilishakufa, mwenye pua tu ndiye hakuwa amepewa taarifa. Siku zote Bwana Harusi alijipulizia mpaka aisikie mwenyewe, na mpaka aisikie yeye, mtaa wa pili ulikuwa umeshafunga madirisha.

Akapuliza shingoni. Akapuliza kwenye kola, kwapani, ndani ya koti, na mara mbili kwenye leso. Katiba akataka naye apulizwe mkononi, eti kwa ajili ya ushahidi. Akanusa kwa macho yaliyofumbwa, akatoa hukumu kwamba mwanzo wake ni Valderoni kabisa, lakini ukiipa muda inaelekea kwenye mpira unaoungua. Dobi akavuta dirisha kuokoa mashuka ya wateja. Mama mmoja aliyekuwa anakuja na furushi la nguo alifika nusu ya njia, akasimama, akarudi alikotoka.

"Kidogo sasa naisikia," alisema Bwana Harusi, akatabasamu kwa mara ya kwanza.

Ndipo mkewe akatokea kwenye kona. Alikuwa na mabegi mawili makubwa, na Dobi alipoyaona moyo ulimruka kwa furaha, maana mtu wa kuja kusalimia tu habebi mabegi mawili. Alitembea vizuri mpaka hatua chache kabla ya benchi. Hapo akasimama, akayaweka mabegi chini, akaupeleka mtandio puani.

"Karibu, shemeji," alisema Dobi.

"Asante, shemeji. Hiyo ni nini?"

Bwana Harusi akasimama, akafungua mikono. "Mke wangu. Unaikumbuka?"

"Naikumbuka," alisema. "Miaka kumi nimelala dirisha wazi, mvua inatukuta kitandani. Nikakwambia kichwa kinaniuma, ukasema ni mawazo. Dada yangu anauza vipodozi, ndiye aliyeniambia kiwanda kimeacha kuitengeneza. Nikakaa nikahesabu chupa yako ya mwisho itaisha lini. Ndipo nikampigia shemeji simu."

Habari njema yenyewe ndiyo hiyo. Dobi alijishika kiuno asijue amlilie nani.

Wa kwanza kupata ulimi alikuwa Nusubei. "Shemeji, hii siyo Valderoni," alisema haraka. "Hii ni bandia. Gazeti limeandika."

"Kisheria haina uhusiano wowote na ile," Katiba akaunga mkono, akiuficha mkono wake nyuma.

Mwanamke akawatazama wote wawili. "Kama ni bandia, aliyeitengeneza anajua kazi yake. Kichwa kimeshaanza."

"Lakini mbona hukuniambia ni harufu?" aliuliza mumewe, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko suti.

"Nilikwambia. Ulidhani haijanifikia, ukaongeza."

Akainama, akashika mabegi yake. Benchi zima liliacha kupumua, na kwa hewa ile haikuwa hasara. Halafu akayainua, akayaweka juu ya benchi, pale pale alipokuwa amekaa mumewe.

"Shemeji, beseni kubwa lipo?"

"Lipo."

"Na ile sabuni ya kufulia kola?"

"Ipo."

"Basi mchukue huyu ukamsugue. Mabegi siyafungui mpaka nijue imetoka. Na wewe mzee, osha na huo mkono unaouficha." Nusubei alifungua mdomo kusema kwamba anayo sabuni ya maua kwa nusu bei. Mwanamke akamwangalia tu, naye akakumbuka ana mteja mtaa wa mbele.

Dobi amefua mengi maishani, lakini mume wa mtu mzimamzima ilikuwa mara yake ya kwanza. Koti alilitundika peke yake kwenye waya wa mwisho kabisa. Katiba alisugua mkono wake bombani bila kifungu hata kimoja. Bwana Harusi alijisugua kwenye beseni nyuma ya kibanda mpaka ngozi ikabadilika rangi, akajimwagia, akarudia, kisha akasimama na maji yakimtiririka, akijinusa mkono huu na huu.

"Dobi," aliita, "njoo uninuse. Mimi pua yangu haisikii kitu. Haijasikia siku nyingi."

Dobi akaanza kufuta mikono, lakini mwanamke alikuwa ameshainuka benchini.

"Kaa, shemeji," alisema. "Pua ya kazi hiyo ni yangu."

Akazunguka nyuma kwenye beseni, na mabegi akayaacha juu ya benchi.