Kamera ya Cédric na Uso wa Mama Agnès

Jumatatu, 4 Septemba 2017

Balaa limeingia kanisani, na limeingia na begi la kamera. Cédric! Yule msusi wa Lubumbashi mwenye kiti kimoja cha saluni hapa ugenini, mtaani Berea, amenunua kamera mpya. Ina megapikseli arobaini na mbili. Yangu ina kumi na mbili. Jana alipita nayo mbele ya waumini wote, mkanda shingoni, akitembea polepole makusudi.

Mimi Marcellin, mtoto wa Bukavu, nimepiga picha za kila arusi ya kanisa letu kwa miaka sita. Sasa kamati ya arusi ya Héritière inasema itafikiria. Itafikiria! Mama Agnès ndiye rais wa kamati, na ndiye fundi anayeshona gauni la bibi arusi. Ameniambia kwa upole kwamba atakayepata arusi hii ndiye atakuwa mpiga picha wa kanisa kuanzia sasa.

Nimerudi nyumbani sina hamu hata ya fufu. Mke wangu Masika amesema nile tu, wivu haushibishi. Si wivu. Ni kanuni.

Jumanne, 5 Septemba

Akili ninayo, Mungu ashukuriwe. Nimemwomba Cédric aniazime kamera yake kwa saa moja, ati niifurahie. Amenipa! Amesema yaya Marcellin, yaani kaka mkubwa, hahitaji kuomba. Mpumbavu mwenye moyo mzuri. Hao ndio wabaya zaidi.

Nimeweka mfuko wa unga wa mahindi juu ya kiti, mbele ya dirisha. Nikapiga kwa kamera yangu. Maandishi yote yanasomeka, hata yale madogo ya tarehe. Nikapiga kwa ya Cédric. Ukungu! Herufi zimevimba, hazijulikani ni A au O. Nimerukaruka mpaka jirani wa chini akagonga dari kwa ufagio. Megapikseli arobaini na mbili, na mfuko wa unga hausomeki! Kesho nachapisha picha zote mbili, kubwa.

Alhamisi, 7 Septemba

Kikao cha kamati. Nimebandika picha ukutani na kuhutubia dakika ishirini. Nikawakumbusha kwamba kipya kinyemi, ingawa kidonda. Mama Agnès akawa anaitikia kwa kichwa. Cédric akaanza kuigeuzageuza kamera yake kama mtu aliyeuziwa mbuzi mgonjwa. Utamu ulioje!

Kisha Nyaboke akavaa miwani. Huyu ni dada Mkenya, anafanya kazi benki kule Marshalltown. Ni katibu wa kamati na hana huruma. Akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa karatasi. Akauliza lile pazia la nyuma ni la nani. Nikasema la Masika. Akasema basi kwenye picha ya Cédric nyuzi za pazia la Masika zinahesabika, mmoja mmoja, wakati kwenye yangu pazia halina hata uzi.

"Ndugu Marcellin, kamera haina kosa," akasema. "Ulilenga pazia, halafu unalalamika kwamba unga hauonekani."

Watu wakacheka. Mimi pia nikacheka, isije ikaonekana ni mimi ninayechekwa. Wakaamua jaribio lirudiwe Jumamosi mbele ya kamati, mwanga mmoja, kila mtu na kamera yake. Mama Agnès akajitolea apigwe yeye.

Jumamosi, 9 Septemba

Nilifika mapema. Cédric aliacha begi kwenye benchi akaenda kupanga viti. Shetani hakunisukuma. Alinikuta nimeshafika. Ubavuni mwa lenzi kuna kitufe kidogo. Ukikishusha, kamera haijitafutii tena fokasi, hailengi yenyewe. Nikakishusha, nikazungusha pete ya lenzi kidogo tu, nikafunga begi. Cédric bado mgeni wa mambo haya. Yeye hubonyeza na kumshukuru Mungu.

Mama Agnès akaketi na kilemba chake cha Pasaka. Nikalenga jicho la kushoto, safari hii hakuna cha pazia. Cédric naye akabonyeza. Nyaboke akazionyesha kwenye kompyuta, yangu kwanza. Lo! Ukali wa wembe. Poda ilipoishia shingoni, ndevu tatu za kidevuni, punje ya wali kwenye kona ya mdomo, na mikunjo yote bila kusahau mmoja. Nikasubiri makofi. Mama Agnès akauliza huyo ni nani.

Ikaja ya Cédric. Ukungu mtupu! Mikunjo imekwenda, ndevu zimekwenda, wali umekwenda. Mama Agnès akashika kifua.

"Huyu sasa ndiye mimi," akasema. "Hivi ndivyo Mungu anavyoniona."

Nyaboke akasema picha ile haina fokasi na kuna mtu ameichezea lenzi. Nani amsikilize? Wamama walikuwa wameshapanga foleni mbele ya Cédric. Kamati ikanihurumia: Cédric apige kanisani, mimi nipige ukumbini, halafu Héritière mwenyewe achague nani abaki. Kuhurumiwa kunauma. Nimelia kidogo kwenye robot, zile taa za magari za Abel Road, mpaka taa ikawa kijani.

Jumatano, 13 Septemba

Nimewaza siku nne na nimeelewa. Watu hawataki fokasi. Wanataka ukungu! Nimeizungusha pete ya lenzi yangu, nikaibana kwa selotepu isirudi. Nimempiga Masika kwa majaribio. Amesema anaonekana kama mtu aliyefunua sufuria ya maharage. Masika hajui sanaa.

Jumamosi, 16 Septemba

Arusi! Nimepiga picha mia nne na thelathini, na hakuna hata moja yenye mstari mkali. Nimecheza, nimekula, nimepiga. Nyaboke alikwisha kumwonyesha Cédric kile kitufe, akakirudisha juu. Maskini, kijana wa watu anajiharibia. Karibu nimwonye.

Jumanne, 19 Septemba

Héritière ameziangalia picha zangu akauliza kwa adabu kama ukumbini kulikuwa na moshi. Mama Agnès hakuuliza kwa adabu. Alishona shanga mia tatu kwenye gauni lile, kwa mkono, wiki tatu, na mimi nimezifuta zote! Nikamkumbusha kwamba Mungu anaona hivyo hivyo. Akaniambia nitoke. Kwenye picha za Cédric shanga zote zipo, na chozi la mama mzazi wa bibi arusi lipo.

Basi. Cédric ndiye mpiga picha wa kanisa. Miaka yangu sita imekwisha, na imeniuma kweli. Alinifuata mlangoni akaniomba, yaya, nimfundishe kazi. Nyaboke akaniuliza nimejifunza nini. Nikamwambia mengi.

Na ni kweli. Nimekaa jikoni nikatafuta kosa liko wapi mpaka nimelipata. Si la kamera wala langu. Héritière ana miaka ishirini na miwili! Hana hata mkunjo mmoja, sasa ukungu ungemsaidia nini? Bibi arusi alikuwa mdogo mno, na kamati nzima haikuliona hilo. Desemba shangazi yake anaolewa, mjane wa miaka hamsini na minane. Nimeshakwenda kumpongeza mara mbili.