Sindano za Bibi Biasha

Jumatatu, 7 Machi 1955
Bibi amechomwa mguu na mwiba wa samaki taa, mwambani, alipokuwa akichokoa pweza. Hakulia. Alimaliza kuchokoa kwanza, akarudi na pweza wawili. Sasa mguu umevimba kama boga. Dresa wa zahanati, Bwana Jefwa, ameagiza sindano tatu, siku tatu mfululizo. Asipochomwa, huenda mguu ukakatwa. Bibi asiyekwenda mwambani! Siwezi hata kumfikiria.

Alipoiona sindano alitoka mbio kwa mguu mmoja. Hakushikika.

Nimejitolea kumsaidia. Binamu yangu Chiku amecheka. Nimemsamehe.

Jumanne, 8 Machi
Mwalimu hutufundisha kwamba tunaogopa tusichokijua. Basi Bibi aijue sindano! Nikachukua ile ya kushonea magunia, na papai bichi, nikamweleza kwa utaratibu: hapa ngozi, hapa nyama. Nikachoma. Papai likatoka utomvu. Kuinua macho, Bibi hayupo. Alipatikana kwa jirani, mvunguni mwa kitanda.

Mama ameniuliza kama nina akili timamu.

Jumatano, 9 Machi
Asiyeona haogopi. Nikamfunga Bibi macho kwa leso. Kosa dogo: aliyefungwa macho huona kila kitu ni sindano. Dresa alimgusa bega kwa kidole tu, Bibi akaipiga teke sufuria ya kuchemshia sindano. Viatu vya Bwana Jefwa vimeloa. Amesema kwa upole kwamba mguu unazidi, na kwamba siku nyingine nikae nje.

Chiku anazunguka uani, leso usoni, akipapasa kuta na kupiga mayowe. Watoto wote wanamfuata.

Jioni niliutazama mguu. Kisigino kimeanza kuwa cheusi. Sikuweza kula.

Alhamisi, 10 Machi
Babu Dzombo! Mbona sikumfikiria mapema? Ni ndugu wa marehemu Babu, kwa hiyo Bibi ni shemejiye na mtani wake. Hutukanana mbele za watu na hakuna anayekasirika. Mpango: amchokoze, Bibi ajibu, Dresa achome. Nami nichungulie dirishani.

Babu akaingia, akasema, "Shemeji, wewe pweza huwachokoi. Wakikuona wanatoka wenyewe, wanadhani ni mama yao." Bibi akamgeukia. Akamwambia kwamba yeye hata kuku wake wanakwenda kutaga kwa watu, kwa aibu ya kuonekana naye. Dresa akachoma bega. Bibi hakuhisi kitu! Alikuwa bado yuko kwenye kuku.

Ila Babu Dzombo aliiona sindano ikiingia. Akaanguka chali, mzima mzima. Bibi alicheka mpaka akashikilia ukuta.

Ijumaa, 11 Machi
Bibi kaamka kabla yetu. Kaoga, kajifunga leso mpya, kauliza kwa nini tunachelewa, na shemeji yuko wapi. Zahanatini akamtolea Dresa bega mwenyewe, macho hayabanduki kwa Babu. Babu aliapa kwamba jana ilikuwa njaa tu. Akaanguka tena. Safari hii juu ya ndoo yenye kutu, akajichana mkono. Bibi akamwambia Dresa achome tena, eti yeye hakuona vizuri Babu alivyoanguka.

Jumamosi, 12 Machi
Sindano ya mwisho! Mguu umenywea, kisigino kimerudia rangi yake. Dresa amesema bamvua lijalo, maji yakitoka mbali, Bibi ataweza kwenda mwambani. Bibi amenikumbatia mbele ya Chiku. Naandika tena: mbele ya Chiku.

Nimetafakari. Yote yamekwenda kama nilivyopanga, hata kuanguka kwa Babu.

Lakini sasa zamu ni yake. Kwa ajili ya ile kutu, Dresa ataka kumchoma sindano Jumatatu. Masikini, ataogopa. Alasiri, alipokwenda msikitini, niliingia chumbani mwake nikamchorea sindano ukutani kwa makaa, mbele ya kitanda, ndefu kama mchi, ili akifumbua macho asubuhi awe ameshaizoea.