Jipu la Mzee Ochoki

Jumatatu, 4 Agosti

Masese amechaguliwa mwenyekiti wa kamati ya wagonjwa wa kliniki yetu hapa Ekerenyo. Masese! Mtu ambaye hata kukohoa hajui vizuri. Mimi nimepata kura mbili, na moja ni yangu. Mke wangu Edinah anasema ile nyingine si yake.

Sikati tamaa. Nimeketi chini ya paa la zizi, nimefikiri, nimepata dawa. Nitaikagua kliniki kwa siri. Nitakwenda kama mgonjwa wa kawaida, nione wauguzi wanavyofokea watu, daktari anavyochelewa, choo kinavyonuka. Kisha kamati ikikaa Alhamisi ya wiki ijayo, nitasimama niseme yote mbele ya Daktari Nyasani, mwenye kliniki. Masese atakosa pa kuficha uso.

Edinah hasikilizi. Akili yake yote iko Jumapili. Kijana wetu Fred, miaka thelathini na sita, hatimaye analeta mchumba nyumbani pamoja na shangazi zake. Ni muuguzi, anaitwa Cynthia, kwao Kenyenya, kazi mjini Kisii. Edinah ameomba miaka mingi apate mkwe. Amenionya kwamba nikiharibu hili, anahamia kwa dada yake na sufuria zake zote. Nimemwuliza nitaharibuje, mimi mtu mpole. Ameendelea kumenya ndizi.

Jumanne, 5 Agosti

Kuchagua ugonjwa si mchezo. Malaria, watakutoa damu. Jino, watang'oa, na haya niliyobaki nayo nayahitaji Jumapili kwa kuku.

Kisha nikapata. Jipu kwenye makalio! Hapa kwetu nani atathubutu kutaka kuliona kwa mzee wa rika langu? Sisi tuna ensoni, ile aibu ya heshima. Muuguzi atatazama sakafu, atanipa vidonge, nami nitasema mbele ya kamati kwamba wanagawa dawa bila kupima. Ushahidi kamili.

Jina nitakalotumia ni Ochoki wa Tabaka. Nimepata kofia ya marehemu baba na barakoa ya wakati wa Korona. Nimejitazama kwenye kioo. Hata mimi sikujijua.

Jumatano, 6 Agosti

Siku mbaya.

Nilifika mapema ili niwakute wamelala. Wako macho! Sakafu imepigwa deki, viti vimefutwa. Msichana wa mapokezi akanisalimia kwa heshima na kuniuliza jina. Lilinitoka kichwani. Nikakohoa mpaka likarudi. Hakucheka hata kidogo. Hawana ucheshi, nimelitia akilini hilo.

Nikajaribu rushwa. Nilikuwa na mkungu wa ndizi, nikamwambia ni wake akinipitisha mbele. Akasema mbele yangu kuna mama mwenye mtoto mgonjwa, nisubiri zamu yangu. Kiburi! Nikala ndizi mbili kwa hasira.

Akaomba namba ya simu. Yangu sikutaka kutoa, kwa hiyo nikatoa ya Masese.

Muuguzi ni binti mgeni, naye kavaa barakoa. Nikamweleza jipu langu kwa sauti ya kufa. Nikangoja atazame sakafu. Akavaa glavu, akavuta pazia, akasema, "Pole sana mzee. Lala hapo nilione."

Nilione! Nikasema si kubwa. Akasema hata dogo huonwa. Nikasema ni la aibu. Akasema kitandani hapo hakuna aibu, kuna ugonjwa tu. Nifanye nini? Nikitoka mbio, ukaguzi umekufa. Nikashusha suruali.

Akatazama. Akabonyeza kidogo, kwa adabu. Akasema haoni jipu. Nikamwambia limeingia ndani.

Kumbe jasho lilikuwa linanitiririka. Akanivika kile kitambaa cha mkononi, akapima presha, akapima tena, akamwita Daktari Nyasani, ambaye alikuja papo hapo, mshenzi. Wakasema iko juu sana. Nipunguze chumvi, nirudi Ijumaa bila kukosa, huenda nikaanzishiwa dawa.

Yaani nimekwenda na ugonjwa wa uongo, nimerudi na wa kweli. Huduma gani hii?

Ijumaa, 8 Agosti

Sikurudi. Siwezi kuwapa nafasi ya kunitafutia maradhi mengine.

Jioni Masese akaja kunywa chai yetu, kifua mbele. Anasema kliniki imempigia simu kumwuliza mzee Ochoki anaendeleaje, mbona hakuja, wana wasiwasi naye. Ochoki hamjui, wamekosea namba, lakini ona wanavyojali watu chini ya uongozi wake! Amekwisha kutangaza sokoni kote. Edinah akasema hakika Masese ameanza vizuri. Nimetia chumvi kwenye chai yangu kwa makusudi.

Jumamosi, 9 Agosti

Sabato. Nimetoka kanisani na roho imetulia, kisha Fred akapiga simu. Akasema ana habari njema, Cynthia amehamishiwa kliniki yetu ya Ekerenyo tangu Jumatatu.

Nimeketi chini. Kwenye nyasi.

Baba mkwe na mke wa mwanawe! Kwetu mimi siruhusiwi hata kuingia chumbani kwa Fred akishaoa. Mkwe akinikuta njiani anainamisha macho, nami napisha. Na huyu amenibonyeza! Zamani posa ingevunjika siku hiyo hiyo. Shangazi wakijua, Fred hana mke na mimi sina Edinah. Naogopa kweli.

Lakini Cynthia anamjua Ochoki tu, mimi Ombati bado hanijui. Kwa hiyo kesho sitaonekana. Nimemwambia Edinah nimeitwa kwa ghafla mjini Kisii. 

Jumapili, 10 Agosti

Nimejificha kwenye migomba tangu asubuhi. Mvua imenikuta hapo.

Wageni wamefika. Shangazi mkubwa, Jacinta, mwanamke mwenye sauti kama kengele ya shule, akauliza baba wa kijana yuko wapi, maana hawawezi kuongea na kiti. Edinah akahangaika. Kisha, Mungu wangu, akamwita Masese aje akae mahali pangu, kwa kuwa ni wa ukoo.

Nimeona kwa macho yangu, dirishani. Masese kwenye kiti changu. Masese akiitwa Baba Fred. Nimevumilia. Alipopewa firigisi ya kuku, ile ya mwenye nyumba, nimeshindwa.

Nikaingia sebuleni na majani kichwani, nikasema mwenye nyumba ndiye huyu. Cynthia akaitambua sauti, akainua macho. "Mzee Ochoki! Mbona hukurudi?"

Jacinta akauliza Ochoki ni nani na wamejuana wapi. Cynthia, lazima niseme ukweli, hakunisaliti. Akasema tu kwamba habari ya mgonjwa haitoki naye nje ya mlango wa kliniki. Hapo tungepona. Lakini mimi nikaona afadhali nitulize mambo. Nikaeleza kwamba aliona upande mmoja tu, kwa muda mfupi, na jipu lenyewe halikuwepo.

Jacinta akajifunika uso kwa kitenge. Fred akatoka nje. Masese akaacha firigisi. Edinah akaanza kulia, kimya kimya, mkono kwenye meza. Sijamwona hivyo tangu tumzike mama yake. Nilitamani ardhi inimeze, na hapa sitanii.

Ndipo Cynthia akamgeukia shangazi yake. Akasema yeye alimhudumia mzee mmoja aitwaye Ochoki, wa Tabaka, asiye ndugu yake. Huyu Baba Fred, yeye Cynthia hajawahi kumwona. Anamwona leo mara ya kwanza, akiwa amevaa koti, na hata hamtazami.

Shangazi wakatoka wakateta uani. Walirudi na uamuzi. Ochoki si wa ukoo wowote, kwa hiyo ensoni haikuvunjwa. Ila Ombati atoe mbuzi mmoja aliwe na wazee, ili Ochoki asionekane tena. Na Cynthia asinihudumie kamwe. Cynthia akamnong'oneza Edinah, si mimi, kwamba Baba Fred anafanana na mtu mwenye presha, apimwe haraka kliniki nyingine. Edinah akamkumbatia.

Posa imekubaliwa! Fred amecheka mpaka machozi. Nimetafakari sana nikaelewa kilichotuokoa. Ni lile jina la uongo.

Jumanne, 12 Agosti

Edinah amenifukuza nikapimwe. Nimekwenda kliniki moja mjini Kisii ambako hakuna anayenijua. Wameniuliza jina. Safari hii sikusita, nikasema Masese.

Presha bado iko juu. Nimepewa vidonge vya kila siku. Daktari amesema kwa ukali kwamba Masese apumzike, apunguze chumvi, na akae mbali na kamati na mikutano ya kumchemsha damu.

Maskini Masese! Sikujua anaumwa kiasi hicho. Kamati itahitaji mwenyekiti mwingine upesi. Nitawaeleza Alhamisi, kwa masikitiko makubwa.