Utafiti wa Bahari Katika Lambo la Nkoma

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Nimeona tangazo. Wafadhili wa Ulaya wanatafuta watafiti: viumbe wa baharini wanaathirikaje na mitambo ya umeme wa upepo inayoelea? Nina diploma ya uvuvi. Bahari sijaiona, lakini fomu haikuuliza. Wanataka majaribio ya awali, na picha. Nkoma hatuna bahari. Tuna lambo! Lina sato, lina kambare, upepo upo. Generoza, mke wangu, ameuliza ng'ombe wa kijiji kizima watakunywa wapi nikishaanza mambo yangu. Haoni mbali.

Jumatano, 6 Agosti
Nimepata maboya: mapipa manne yaliyolala bure nyuma ya nyumba ya shemeji Luhende. Ni mwenyekiti wa kamati ya lambo, anajiona mkuu wa mkoa. Amesema niyaache, yalikuwa ya dawa ya wadudu wa pamba. Nimemuuliza kwa upole msomi ni nani kati yetu. Nitayasuuza.

Ijumaa, 8 Agosti
Nane Nane! Kijiji chote kimekwenda Nyakabindi kwenye maonesho ya wakulima. Tumebaki mimi na sayansi. Nimesuuza mapipa palepale lamboni, maji yalipo. Nimeyafunga kamba, juu nikasimamisha feni ya bati. Imeelea! Imezunguka mara saba. Kwa nyuma pichani alionekana ndama wa jirani akinywa, nimemkata asionekane. Ombi limekwenda saa kumi jioni.

Jumapili, 10 Agosti
Samaki wote wameelea, matumbo juu. Baada ya misa Luhende ametangaza lambo limefungwa. Ng'ombe wa mama mkwe amekufa, yule wa maziwa. Nimeeleza kwamba utafiti wowote una hasara zake. Nimewatumia wafadhili nyongeza: hesabu ya samaki waliokufa.

Jumanne, 12 Agosti
Sungusungu wa kijiji wamekaa kikao. Uamuzi: nisisalimiwe. Tangu asubuhi nimewasalimu watu tisa, mwangaluka, mwangaluka. Kimya. Hata fundi baiskeli, ambaye huwa hanyamazi hata msibani! Ng'ombe wanaswagwa hadi mtoni, mwendo wa saa tatu. Wawili wameanguka njiani.

Alhamisi, 14 Agosti
Mama mkwe amekuja. Kwa mila zetu mtu na mkwewe hawasogeleani. Miaka kumi na moja hajakanyaga uani kwangu. Amesimama mbali, akanipa mgongo kwa heshima, akauliza: "Baba, maji tutakunywa lini?" Hakunitukana. Alingoja tu jibu. Sijawahi kuona aibu ya namna hii. Baadaye nimeingia ndani nikalia kama mtoto. Nimeapa mbele ya msalaba wa ukutani: utafiti basi.

Jumatatu, 18 Agosti
Generoza amefunga mizigo, amekwenda kwa mama yake. Hakuaga.

Lakini barua pepe imekuja! Wafadhili wanasema hawajawahi kupokea takwimu kama zangu: samaki wote, siku mbili. Wanasikitika kwamba hawawezi kunifadhili, kwa kuwa sina eneo la pili la kulinganisha.

Eneo la pili tu! Si wangesema mapema? Nimepiga pasi shati. Kesho naamkia kijiji cha Ipililo. Wana lambo kubwa, maji safi, na huko watu bado wananisalimia.