Kilatini Kikijulikana na Kila Mtu, Sisi wa Beji Twende Wapi?

Zaka Beji na Sweta,
Kimbo, Ruiru.

Kwa Bwana Chege,
Mwenyekiti, Kamati ya Jumba la Jamii, Gitothua.

Bwana Mwenyekiti,

Natumaini u mzima na kuku wako wanataga. Biashara yangu haitagi, na sababu iko katika jumba lako kila Alhamisi jioni, pale Mwalimu Sumeya anapofundisha Kilatini na Kigiriki cha kale, bure, kwa yeyote mwenye miguu ya kumfikisha. Naomba kwa heshima darasa hilo lifungwe. Nimepanga malalamiko kwa nambari ili kamati isipotee.

1. Nilianza kushona na cherehani ya kuazima. Leo shule za binafsi ishirini na sita, kutoka Ruiru hadi Thika, zinavaa kaulimbiu zangu za Kilatini. Mimi Kilatini sikusoma. Nilinunua bleza tatu za mtumba zenye beji za ng'ambo, nikatoa maneno saba: lux, labor, mater, aqua, semper, non, vincit. Maneno saba, ukiyapanga matatu matatu bila kurudia, yanakupa kaulimbiu mia mbili na kumi. Piga hesabu mwenyewe. Hiyo ilikuwa akiba ya kunifikisha uzeeni.

2. Kazi ya Kilatini kwenye beji ni kutoeleweka. Mzazi akisoma "Bidii na Nidhamu", ataanza kuuliza bidii iko wapi na mwalimu wa hesabu alienda wapi. Akiona Kilatini, ananyamaza na kuona karo ni halali. Sasa Waceke, muuza gesi jirani yangu, alihudhuria masomo manne tu, kisha akaja kusimama mlangoni kwangu na sweta ya mtoto mkononi. "Haiya, Zaka! Labor non vincit? Umemwandika mtoto wangu kifuani ati kazi haishindi?" Nikamwambia hiyo ni tafsiri yake. "Na ile ya shule ya dada yangu, Lux non semper? Mwanga si kila wakati?" Hapo sikuona kosa, maana kwa shule hiyo stima hupotea kweli. Lakini mkurugenzi wa akademia ya mtoto wa Waceke ameitisha wazazi Jumamosi hii, na kuna wanaotaka nirudishiwe sweta zote 340. Zikirudi, mimi nafunga duka.

3. Ungedhani ni mimi peke yangu. Kanisani kwetu Gatongora, Pastor Barasa ametuambia miaka yote, "Katika Kigiriki cha asili, neno hili lina maana nne." Tulizipenda hizo maana nne. Jumapili iliyopita Ngigi, anayeshika mlango, akainua mkono. "Pastor, samahani, nimeangalia. Iko moja." Mahubiri ya saa mbili yakaisha kwa dakika thelathini na tano. Tukafika nyumbani githeri ikiwa bado ngumu jikoni. Sasa mimi nakuuliza, ni ndoa ngapi Ruiru zinaweza kuhimili mume aliyefika saa nne asubuhi akiwa na njaa na amekosa la kusema?

4. Hili la mwisho linakuhusu. Katika chama chetu cha wafanyabiashara wa Kimbo, mimi ni mweka hazina mwaka wa tisa, bila kelele. Wanafunzi wa Alhamisi wamekuja na habari kwamba Athene ya kale watu walipata vyeo kwa bahati nasibu, mwaka mmoja tu, halafu wanakaguliwa hesabu hadharani. Wanataka tuanze. Nikasema Kimbo si Athene. Mwas wa kinyozi akajibu, "Mzee, hata Athene walikuwako watu kama wewe. Walikuwa wanaandika jina la mtu kwa kigae, wakiwa wengi anafukuzwa miaka kumi." Tangu siku hiyo, mtu akivunja sahani hapa kwetu, vipande havitupwi. Nimeona viwili vimeshaandikwa. Kimoja ni changu. Cha pili, Bwana Mwenyekiti, kinaanza na Ch, na wewe umekalia hicho kiti mwaka wa kumi na nne.

Sipingi elimu. Nimesomesha watoto wanne kwa elimu ambayo watu hawakuielewa. Kama kamati inaona haya kulifunga darasa, basi liendelee, lakini lifundishe wale tu ambao tayari wanajua Kilatini. Hao hawatamsumbua mtu.

Nifikishie salamu kwa wanakamati wote, kwa Amida anayewapikia chai, kwa askari wa lango, na kwa Mwalimu Sumeya mwenyewe. Sina ubaya naye hata kidogo. Shida yake ni moja tu, anaeleweka.

Ni mimi, ninayeumia kwa adabu,

Zacharia Kang'ethe

Tanbihi: Kabla sijaituma barua hii, Jumamosi imefika na kupita. Wazazi wamekataa kurudisha sweta. Wamesema wenyewe ushonaji ni mzuri. Wanachotaka ni beji mpya, maneno yakaguliwe na Mwalimu Sumeya, na watazilipia. Jana shule nyingine sita za hapa Ruiru zilinipigia kutaka zao. Lakini zile kumi na moja za Thika zimetulia tu, huko hakuna mtu amesoma chochote. Kwa hivyo naomba kamati ifungue darasa la pili Thika kabla ya muhula kuanza. Viti nitatoa mimi.