Juisi ya Miwa Isiyoonjwa

Jumatatu, 10 Ramadhani
Mwaka huu Farghali hanishindi! Kila magharibi husimama barabarani akiwagawia juisi yake ya miwa waliofunga. Mji mzima wa Zagazig unamwombea dua, kisha unajaa dukani kwake. Kwangu? Mimi na nzi. Yeye hukamua saa kumi na moja jioni. Kesho mimi nitakamua asubuhi. Atanikuta barabarani.

Jumanne, 11 Ramadhani
Mifuko mia mbili ya juisi tayari saa tano asubuhi! Barafu haikutosha. Nikaiweka kivulini, kivuli kikahama. Alasiri imevimba, ina povu. Baraka hiyo, nikajisemea. Kuonja sikuweza, nimefunga. Magharibi mifuko yote ikaisha. Mama mkwe, Bi Nagafa, akaomba mfuko wa pili. Akasema leo ndipo ameona bintiye hakukosea kuolewa nami. Nililia kidogo.

Jumatano, 12 Ramadhani
Watu thelathini na mmoja wanatapika na kuharisha. Bi Nagafa yuko hospitali, ametundikiwa dripu. Daktari Inas wa idara ya afya anamuuliza kila mgonjwa alifuturu nini, kwa nani. Nikajitolea kumsaidia. Nikamwambia nilimwona Farghali akiosha miwa kwa maji ya mtaro. Sikumwona. Ulimi uliniteleza. Duka lake limefungwa.

Alhamisi, 13 Ramadhani
Aibu! Farghali kamletea Bi Nagafa supu. Akaniomba nimwombee Mungu, ana mabinti wanne wa kulisha. Nilitazama viatu vyangu. Daktari akafungua daftari: waliokunywa kwa Farghali wote wazima. Akaniuliza nilikamua saa ngapi. Nikasema saa kumi na moja jioni. Bi Nagafa akafumbua jicho moja. “Mwongo huyu! Juzi asubuhi aliniazima beseni langu la kufulia akatie juisi!” Wodi nzima ikanigeukia. Nikakiri yote, pamoja na mtaro. Farghali akanisamehe papo hapo. Afadhali angenipiga.

Alhamisi, 27 Ramadhani
Duka langu bado limefungwa. Bi Nagafa amepona, salamu haitikii. Msikitini najificha nyuma ya nguzo. Daktari alinieleza kwa upole: juisi mbichi hainyweki ikishalala kwenye joto. Nimemwelewa. Miwa sigusi tena!

Sikukuu nitawaomba wote radhi kwa juisi ya machungwa. Nimekamua leo mapema, nisije nikachelewa. Sijaonja, nimefunga. Beseni nimeazima kwa Farghali.