Skii ya Kushoto na Dakika Nne za Wendelin

Jumatatu, 12 Februari
Skii yangu ya kushoto, ubao wa kutelezea thelujini, imepotea leo, kati ya saa sita na dakika kumi na saa saba kasorobo mchana, kwenye kibanda cha supu cha Notburga huko juu mlimani. Haikupotea. Imeibwa. Skii zote mbili niliziacha mbali mbali kama kawaida yangu: ya kulia mlangoni, ya kushoto nyuma, chini ya ukingo wa paa. Mwizi anataka jozi. Nikaingia kunywa supu ya madonge ya ini. Nilipofika nusu bakuli, theluji yote ya paa ikaporomoka, kibanda kikatikisika, supu ikanimwagikia. Jirani yangu Wendelin akasema, Severin, hata paa limechoka na hadithi zako. Kisha akaenda msalani. Dakika nne. Nilihesabu.

Mashindano ya kijiji ni Jumamosi. Mwaka jana alinishinda kwa sehemu tatu za kumi za sekunde. Skii zile nimezichonga mwenyewe, majira mawili ya baridi. Anajua.

Jumanne, 13 Februari
Nimerudi na skii za mke wangu Walburga. Nyuma ya kibanda, rundo la theluji tu. Nikapanda juu yake nione mbali. Nikauona: mfuo mmoja unashuka nje ya njia, kwenye theluji laini. Mmoja. Mtu kaondoka na skii moja.

Nikaufuata mita 640 kwenda chini. Nimeanguka mara tisa, mara ya tano nikazama hadi kwapani. Mfuo ukakomea kwa Padri Korbinian, anapangusa ule ubao wake mmoja mpana wa kutelezea, wa kusimamia miguu yote miwili. Akauliza, mwanangu, umekuja kuungama au kuanguka tu? Nikamtaja Wendelin. Akasema ni mtu mwema. Nimeandika na jina la padri kwenye orodha ya washukiwa.

Alhamisi, 15 Februari
Wendelin kaniletea skii zake za akiba. Shika, jirani, nisije nikashindana na kivuli changu. Walburga akamkatia keki. Kipande kikubwa.

Nani humpa mpinzani skii nzuri? Nimekwangua nta yote ya kutelezesha iliyopakwa chini nione alichoficha. Hakuna kitu. Mjanja kuliko nilivyodhani.

Jumamosi, 17 Februari
Nimeshindwa kwa sekunde kumi na moja. Skii zake hazitelezi kabisa. Ndiyo maana alinipa. Walburga anauliza nta ilikwenda wapi. Huyu naye yuko upande gani?

Jumapili, 18 Februari
Jua kali tangu jana. Notburga kapiga simu: rundo limeyeyuka, ncha ya skii imechomoza. Nimepanda kupima. Pale pale nilipoiweka, haijasogea hata kidole.

Kwa hiyo ameirudisha. Barua nimeichomeka mlangoni mwake: Wendelin, mahali pale nilipajua mimi peke yangu. Wewe ulipajuaje? Sitaki mzaha. Nijibu kwa maneno yako mwenyewe kabla ya saa saba kamili kesho mchana. Nitakuwa kwa Notburga, nikinywa supu. Wala usijisumbue kunyemelea: skii ya kulia iko mlangoni, na ya kushoto iko mahali ambapo safari hii hutathubutu kurudia, chini ya ukingo wa paa.

Theluji imeanza kuanguka tena.